MKUKI USIFUNGIWE STOO, UTENGEWE UWANJA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari, nao hawakukosea. Lakini hawakusema kuwa tahadhari ni kufunga kila kitu kwa kufuli kisha watu waende zao kulala. Mwaka huu nimeshika kalamu, wasomaji wapenzi wa jarida letu, ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana pareti, kwenye foleni ya maji na hata katika chumba cha walimu (madirisha yako wazi, walimu wetu, tunasikia!). Jambo lenyewe ni mkuki wa shule.

Wenzangu wa madarasa ya chini huenda hawajauona. Shule yetu ina mikuki miwili, mmoja wa wavulana wenye uzito wa gramu 800 na mmoja wa wasichana wenye gramu 600. Tangu muhula uliopita yote miwili imelala stoo nyuma ya madawati mabovu. Kisa na maana? Jioni moja, wakati wa gemsi, mvulana mmoja aliurusha mkuki ukavuka ile njia ya mkato inayokata uwanja wetu, ukajikita mchangani hatua tatu tu kutoka kwa mkokoteni wa punda uliokuwa umebeba mitungi ya maji. Kijana aliyeuendesha ule mkokoteni ni mdogo kuliko sisi sote. Punda alikurupuka, mitungi miwili ikaanguka na kupasuka, maji yakamwagika yote. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Kesho yake tukatangaziwa pareti: mkuki basi!

Kuna wazazi waliofurahi. Kuna waliosema ati tucheze kandanda na voliboli kama watu wengine, yaishe. Mimi nawaheshimu wote, lakini kwa hili nasema la hasha! Waliosema mkuki ni hatari wamesema kweli. Ugonjwa wameujua, ila dawa ndiyo wamekosea.

Tuanze na hiyo hatari, nisije nikaambiwa naificha. Mkuki wa wanaume una urefu wa kati ya mita 2.6 na 2.7, na kichwa chake ni cha chuma. Hata ukirushwa na mwanafunzi kama sisi, huenda kasi kama bodaboda iliyochelewa. Tena hauna breki wala honi. Watu wazima wenye ujuzi wamepatwa na ajali. Mwezi wa Julai 2007, katika mashindano makubwa mjini Roma, mkuki wa Tero Pitkämäki wa Ufini uliyumba kushoto ukamchoma ubavuni Salim Sdiri wa Ufaransa, ambaye hakuwa mrusha mkuki kamwe, bali mwanariadha wa kuruka mbali. Alipona, akarudi mashindanoni. Mwaka 2012 mjini Düsseldorf, Ujerumani, mwamuzi mmoja aliyekuwa kazini uwanjani alipigwa na mkuki katika mashindano ya vijana, akafariki. Kwa hivyo asitokee mtu akasema mkuki ni mchezo wa kitoto.

Lakini hebu tujiulize, dunia ilifanya nini ilipoona mkuki umekuwa hatari? Mwaka 1984, mjini Berlin, Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliurusha mkuki mita 104.80. Jamani, huo ni zaidi ya urefu wa viwanja vingi vya kandanda! Wakubwa wa riadha waliona kwamba wakiendelea hivyo, siku moja mkuki utawafikia watu walioketi upande wa pili wa uwanja. Je, waliufungia stoo? Hawakufanya hivyo. Walikaa chini wakafikiri. Kuanzia mwaka 1986 mkuki wa wanaume ulibadilishwa, kitovu cha uzito wake kikasogezwa mbele kwa sentimita 4 ili uiname mapema na kutua kwa ncha. Mwaka 1999 mkuki wa wanawake nao ukarekebishwa. Sentimita 4 tu! Mchezo ukabaki, na watu wakawa salama zaidi. Hilo ndilo ninaloliomba hapa petu, kwamba tusiue mchezo kabla ya kujaribu kusogeza kitu kidogo. Na cha kusogeza kwetu ni mahali pa kurushia.

Huenda mtu akauliza, kwani mkuki una faida gani hata tuhangaike hivi? Nitajibu. Kenya yetu inasifika kwa mbio, na kila mwanafunzi asiyejua kukimbia huonekana hana mahali katika riadha. Mimi ni mmojawapo. Nikizunguka uwanja mara mbili natafuta kivuli. Lakini nilipoushika ule mkuki wa gramu 600 nikiwa Kidato cha Pili, mkono wangu ulijua la kufanya. Huo ndio mchezo wa kwanza ambao sikuwa wa mwisho. Julius Yego, kijana wa Nandi aliyezaliwa mwaka 1989, hakuwa na kocha wa mkuki alipoanza. Alijifundisha kwa kutazama video za warushaji wa ng'ambo kwenye YouTube. Mwaka 2014 alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow. Mwaka 2015 mjini Beijing aliurusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya dunia katika mchezo usio wa mbio. Mwaka 2016 akaleta fedha kutoka Olimpiki ya Rio, na katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 35, alimaliza wa tano. Kama mtu alitoka kijijini akafika huko, ni nani amesema hawezi kutoka Garissa?

Tena sisi watu wa Kaskazini Mashariki mkuki si kitu kigeni kwetu. Awowe wangu alichunga ngamia pande za Modogashe, na waran wake ungali nyumbani hadi leo, umefungwa ngozi kichwani na kuning'inizwa juu ambapo mtoto hafiki. Nilipomweleza habari ya mkokoteni, hakuuliza mkuki ulikuwa mkali kiasi gani. Aliuliza, "Nani alisimama wapi?" Swali hilo limenishinda kulisahau, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Siku ile hakuna aliyejua arushe kuelekea wapi, wala asimame wapi, wala nani azuie njia. Mkuki haukukosa. Mpango ndio uliokosekana.

Basi mpango wenyewe ni upi? Nimeuliza mwalimu wetu wa gemsi, nimesoma kitabu cha kanuni, na nimepima uwanja kwa hatua zangu mwenyewe. Naomba mnifuate polepole.

Kwanza ni mahali. Uwanja wa mpira haufai, kwa maana njia ya mkato inaupasua katikati, na mbuzi wa jirani wanaujua kuliko sisi. Lakini nyuma ya maabara kuna kiwanja kitupu kinachokwenda kaskazini mpaka kwenye ua. Hakina njia, na ardhi yake ni ya mchanga, si kokoto. Mchanga ni rafiki wa mkuki, mawe ni adui yake. Halafu kuna jua. Gemsi yetu ni jioni, jua likiwa magharibi. Ukirusha kuelekea magharibi, mrushaji anapofuka. Ukirusha kuelekea mashariki, anayepima ndiye anayelitazama jua, haoni kinachomjia. Kwa hivyo kaskazini ndiko kwenyewe.

Pili ni mistari. Hapa wengi hudhani panahitajika mhandisi, kumbe ni kamba na vigingi tu. Njia ya kukimbilia ina upana wa mita 4. Kanuni za mashindano zinataka iwe na urefu wa mita 30 au zaidi, lakini kwa wanaojifunza mita 15 zinatosha kuanzia. Chomeka kigingi katikati ya njia hiyo, vuta kamba ya mita 8 kwenda mbele, kisha uizungushe kuchora upinde kutoka ukingo mmoja wa njia hadi wa pili. Huo upinde ndio mstari ambao mrushaji haruhusiwi kuukanyaga wala kuuvuka. Kutoka kigingi kile kile, nyosha kamba mbili ndefu zinazopita pale upinde unapokutana na kingo za njia. Hizo ndizo kuta za uwanja wako. Mkuki lazima utue kati yake, na ncha lazima iguse ardhi kwanza kabla ya sehemu nyingine yoyote. Si lazima usimame wima kama mlingoti, kama wengi wanavyodhani.

Utajuaje umepima sawasawa? Ni rahisi kuliko hesabu ya Jumatatu asubuhi. Nafasi kati ya kamba mbili siku zote ni nusu ya urefu wa kamba. Kwenye mita 8 nafasi ni mita 4, kwenye mita 40 ni mita 20, na kwenye mita 60 ni mita 30. Warushaji wetu wazuri hufika mita 40 hivi, kwa hivyo tukipima mpaka mita 60 na kuacha mita 20 zaidi za bure kule mbele, tuna nafasi ya kutosha. Mistari tutachora kwa majivu ya jikoni, hayana bei.

Tatu ni ua. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Kila siku tunalia juu ya mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kutuchoma miguu na kufunga njia zetu. Basi leo tuupe kazi! Matawi yake ya miiba yakipangwa pande mbili za kiwanja kama ua wa boma, hakuna mbuzi wala mtoto wa chuo atakayekatiza. Tuache mlango mmoja tu, nyuma ya mrushaji. Kule mwisho asimame prifekti mwenye bendera nyekundu na nyeupe. Nyekundu ikiwa juu, hakuna mkuki unaotoka mkononi. Nyeupe ikiwa juu, hakuna mguu unaoingia uwanjani.

Hata hivyo ua bila sheria ni kazi bure, kwa hivyo napendekeza sheria hizi ziandikwe ubaoni. Warushaji wote warushe upande mmoja. Mtu asiende kuchukua mkuki wake mpaka wote wamalize, kisha waende pamoja, kwa miguu, bila kukimbia. Mkuki urudishwe kwa kutembea nao ukiwa wima, ncha chini, kamwe usirushwe kurudi. Na mkuki uliojikita usiujie kwa nyuma ukiwa mbiombio. Huwa umeinama, na mkia wake uko sawasawa na jicho lako. Wengi huogopa ncha wakasahau mkia. Uendee kwa ubavuni, weka mkono mmoja kwenye mkia, ndipo uukaribie.

Tumefikia utunzaji, na hapa nasikitika, maana mikuki yetu inaharibika ikiwa imefungiwa. Wanaodhani stoo inahifadhi mkuki wakaangalie. Mkuki wa wavulana umeegemezwa ukutani chini ya bati, na madawati yameulalia. Uti wake wa aluminiamu hauli kutu, lakini ukiegemezwa hivyo na kulemewa miezi kadhaa utapinda, na mkuki uliopinda hauendi unakoelekezwa. Kwa maneno mengine, kufungia kwetu kunautengeneza uwe hatari zaidi siku utakapotoka! Mkuki hulazwa juu ya vigingi vitatu au zaidi ukutani ili uungwe mkono kote, au huning'inizwa wima. Misumari mikubwa iliyovishwa vipande vya raba ya tairi kuukuu inatosha.

Kila baada ya mazoezi uti ufutwe vumbi na mchanga kwa kitambaa kikavu. Kichwa cha chuma kifutwe vizuri na kupakwa mafuta kidogo, hasa wakati wa mvua, kwa maana chenyewe hula kutu. Ile kamba ya katikati ya kushikia isipakwe mafuta kabisa, mkono utateleza. Kabla ya kurusha, tikisa kichwa kama kinalegea. Tazama kamba kama imefunguka. Kisha funga jicho moja uangalie kando ya uti kutoka mkiani hadi kichwani, kama seremala anavyoangalia ubao. Ukiona umepinda au una ufa, usirushwe. Na unapoung'oa ardhini, uvute kurudi nyuma kwa mshazari ule ule ulioingilia. Wale wanaoutikisa kushoto na kulia kama wanang'oa muhogo ndio wanaoupinda. Ncha ivishwe kifuniko cha raba wakati wote isipokuwa inaporushwa. Na tukitaka mfuko wa kuibebea, akina mama wanaosuka mikeka ya ukoma wanaweza kutusukia mmoja mrefu.

Msidhani haya ni mambo ya shule maskini tu. Arshad Nadeem wa Pakistan alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwa mita 92.97, rekodi ya Olimpiki. Miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa akiomba mkuki mpya, kwa sababu ule alioutumia kwa miaka mingi ulikuwa umechakaa. Bingwa mzima! Sisi tunayo miwili mizima na tunaiacha ipinde chini ya madawati.

Kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, kuna jambo moja la ziada. Kengele ikilia kila mtu huenda kwao, mwingine Bula Iftin, mwingine mbali zaidi. Mkuki usiende nyumbani na mtu yeyote, hata awe kapteni. Mwanafunzi anayepita sokoni na kitu cha chuma chenye ncha anajitafutia maswali kutoka kwa askari na hofu kutoka kwa akina mama wauza maziwa, na wote wana haki. Mwalimu wa gemsi ashike ufunguo mmoja, kapteni aandike kitabuni mkuki umetoka saa ngapi na umerudi ukiwa katika hali gani. Siku mbili kwa juma zinatosha, moja ya wavulana na moja ya wasichana.

Naam, nimesema ya wasichana. Wengine wananiambia ati mkuki si wa binti, na vazi letu halifai. Hijabu ikifungwa vizuri na suruali ndefu ya gemsi ikivaliwa, mkono unakwenda tu. Barbora Špotáková wa Cheki aliurusha mkuki wa gramu 600 mita 72.28 mwaka 2008. Sisemi tutamfikia kesho. Nasema tu kwamba mkuki wetu haukuvuka njia yoyote jioni ile, na umefungwa pamoja na ule uliovuka. Hiyo ni haki gani?

Najua jibu nitakalopewa: shule haina pesa. Nami nauliza, pesa za nini? Majivu yapo, mathenge tunayo hata ya kugawa, kamba ipo stoo pale pale. Kazi ni ya Jumamosi moja, na wanachama 14 wa Chama cha Kiswahili wamekwisha kunipa majina yao kwamba watakuja na mapanga na viatu vigumu. Kitu pekee tusichoweza kujipatia ni ruhusa.

Walimu wetu wapendwa, pamoja na wazazi mtakaosoma ukurasa huu, ombi langu ni fupi. Njooni mkitazame kiwanja cha nyuma ya maabara. Mkiona hakifai, tuambieni kwa nini, tutatafuta kingine. Mkiona kinafaa, tupeni muhula mmoja wa majaribio chini ya mwalimu, kwa sheria nilizoandika hapa na nyingine mtakazoongeza. Sheria ikivunjwa hata mara moja, fungeni, na mimi sitaandika tena. Na yule kijana wa mkokoteni alipwe mitungi yake miwili, maana hilo bado halijafanyika, na ndilo lingepaswa kuwa la kwanza.